Muwa Uliomfuata Doto

Swali ni lile lile kila mahali. Mtu akisikia kwamba naandika hadithi za watoto, anainamisha kichwa upande, analegeza sauti kana kwamba mtoto ni mimi, kisha anauliza: "Hivi mawazo unayatoa wapi?" Zamani nilijibu kwa adabu. Nilisema yanatoka kwa bibi yangu kule Lumuma, kwenye milima, na watu wakaridhika kwa sababu hicho ndicho walichokuja kukisikia. Bibi yangu hakunisimulia hadithi hata moja. Alikuwa mama wa kanisa, mkali, na jioni alichambua maharage huku akituamuru tunyamaze.

Siku hizi nasema ukweli. Nayatoa misibani. Wakishasikia hivyo hawaniulizi la pili.

Mwaka jana niliulizwa tena, mjini Mikumi, kwenye warsha ya waandishi wa vitabu vya watoto. Kampuni moja ya uchapishaji ya Dar es Salaam ilitukusanya hotelini, karibu na pale malori yanapoanza kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, ikamleta mhariri wake atufundishe kuumba wahusika. Kijana mwenyewe anaitwa Goodluck, ana kiatu chenye ncha na bango kitita. Baadhi yetu tulikuwa tunaumba wahusika tangu yeye ananyonya, lakini nani atayasema hayo mbele ya chai ya bure na sambusa?

Tena kulikuwa na jambo kubwa kuliko sambusa. Warsha ikiisha, kampuni ingechagua riwaya moja tu ya kuchapa. Mimi nilikuwa na vijitabu vinne, vile vyembamba vya kubanwa pini mbili, ambavyo panya wa stoo za shule wanavijua kuliko watoto. Riwaya sikuwahi kutoa. Nilishastaafu ualimu, magoti yameanza kulalamika, na mkobani nilikuwa na riwaya moja ambayo niliitaka itoke kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote. Naliweka hilo wazi mapema, mtu asije akadhani mimi ni mtakatifu.

Mpinzani wangu alikuwa Herman wa Kilosa, afisa elimu mstaafu, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza na "awali ya yote". Herman huyatafuta mawazo yake mbugani. Anaamka alfajiri, anavaa kofia ya majani makavu, anapanda gari la watalii, anamkodolea macho mnyama maskini ambaye hajamkosea, kisha anarudi na mafunzo. Safari ile alikuja na twiga aliyekataa kupiga mswaki. Kabla ya hapo alikuwa na tembo asiyependa kunawa mikono. Nilimuuliza tembo ananawa mikono ipi. Akanijibu, akitazama juu ya kichwa changu, kwamba fasihi ya watoto ina uhuru wake.

Goodluck alitugawia karatasi ya kujaza. Juu iliandikwa WASIFU WA MHUSIKA. Chini yake: jina, umri, rangi anayoipenda, chakula anachokipenda, ndoto yake maishani, tabia njema tatu. Tabia mbaya iliachiwa nafasi moja, na pembeni yake pakaandikwa kwamba lazima aiache kabla hadithi haijaisha.

Rangi anayoipenda! Nimefundisha shule ya msingi huku Ruhembe mpaka nywele zikabadilika, na sijamwona mtoto aliyefanya jambo lolote kwa sababu ya rangi anayoipenda. Watoto wanafanya mambo kwa sababu wana njaa, au wivu, au woga, au kwa sababu wameona kitu kitamu upande wa pili wa ua. Herman aliandika kwamba twiga wake anapenda rangi ya kijani. Aliandika kwa mwandiko mzuri, ameinama, ulimi umetokeza kidogo.

"Mama Katarina, mbona hujajaza?" Goodluck aliniuliza. "Kwani wewe wahusika wako unawatoa wapi?"

"Misibani."

Wenzangu wote waligeuza vichwa. Kisha Goodluck akacheka. "Aisee, Mama, wewe ni noma! Hebu tufafanulie."

Sikuwafafanulia. Lulu haitupwi kwenye bango kitita. Lakini hapa nitaeleza, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Mimi ni Msagara wa milimani, niliyeletwa Ruhembe na kazi ya kufundisha, nikaishia kujenga katikati ya miwa. Jirani yangu ni Shilinde, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake na sasa analima mpunga, na miwa kidogo ya kuuza kiwandani. Watu wetu na watu wake ni watani tangu zama za misafara ya miguu, kwa hiyo mimi na Shilinde hatujawahi kuheshimiana hata siku moja. Kwa umri ningeweza kumzaa. Huku kwetu mtu wa umri wake anayempita mkubwa bila shikamoo huulizwa alilelewa wapi, lakini Shilinde kila asubuhi alisimama kwenye ua wangu na kupaza sauti: "Mtumwa wangu! Bado hujafa tu?" Nami namjibu: "Nikifa nani atakufundisha kuoga?" Akimwona jogoo wangu amenona, anamkamata na kuondoka naye bila kuomba. Nami nikikuta maziwa ya mgando kwake, nakunywa mpaka nishibe na kibuyu nakichukua. Wageni wanaotusikia hudhani kuna kesi ya mpaka wa shamba. Hakuna kesi. Ndiye mtu ninayempenda kuliko wote wa kitongoji chetu, na sijawahi kumwambia neno zuri.

Shilinde alipata mapacha wa kike, Kulwa na Doto, na wote niliwafundisha darasa la tatu, muda mfupi kabla sijastaafu. Kulwa alikuwa mtoto wa kuonyeshwa wakaguzi. Daftari limejaladiwa, shati limechomekwa, samahani na asante haziishi mdomoni. Doto alikuwa mwizi.

Aliiba miwa. Baba yake alikuwa na miwa yake mwenyewe, ila ile haikuwa na utamu kwake kwa kuwa haikuwa na mlinzi. Alitembea ubavu ubavu kando ya kuta, mkono mmoja nyuma, ndala mbili za rangi tofauti miguuni. Siku moja nilimkuta nyuma ya vyoo vya shule na muwa unaomzidi urefu. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akatazama mbinguni, akavuta pumzi, akasema: "Sikuuchukua, Mwalimu. Umenifuata wenyewe."

Mayai nayo yalimfuata. Penseli za wenzake zilimfuata. Sukari ya mama yake ilimfuata mpaka chini ya kitanda. Na tusidhani kwamba aliiba ili agawe, kama wale wezi wema wa kwenye vitabu vya akina Herman. Muwa alioiba aliukata mara mbili, akala shina lenye utamu wote, akampa Kulwa kilele kisicho na ladha huku akimwapia kwamba hapo ndipo patamu. Kulwa anaamini hivyo mpaka leo.

Doto alikufa wakati wa masika. Homa ilimpanda ghafla, na kabla hatujakubali kwamba mtoto yule mkorofi anaweza kuumwa sana, tayari tulikuwa tunasogeza viti uani kwa baba yake.

Msiba wa mtoto hauna utani. Mzee akifa, watani huvaa nguo zake, huigiza mwendo wake na ubahili wake, huzuia njia ya jeneza mpaka wapewe chochote. Mtoto huzikwa kimya. Kwa hiyo nilikaa na wanawake wenzangu, kanga kichwani, nimenyamaza. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtoto mtulivu na msikivu. Alisema hivyo kwa watoto wote, sina ugomvi naye. Ndipo Shilinde akainuka kule alikokaa na wanaume, akaja mpaka mbele yangu.

"Mtumwa wangu," alisema, "mwanangu anazikwa kimya kimya, kama hakuwa mtu?"

Niliingia ndani. Mama yake alinielewa bila kuniuliza, akanipa sweta la shule. Nililivaa, likanibana na kuishia kwenye viwiko. Nikatafuta ndala mbili zisizofanana, nikang'oa muwa nyuma ya nyumba, nikaja uani ubavu ubavu kando ya ukuta, mkono mmoja nyuma. Mchungaji akakohoa. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Nilipofika mbele ya Shilinde niliinua uso, nikatazama mbinguni, nikavuta pumzi.

"Sikuuchukua, Baba. Umenifuata wenyewe."

Shilinde alicheka. Alicheka kwa sauti, akajishika magoti, na kicheko kikampasukia kifuani kikawa kilio, na hapo ndipo msiba ule ulipoanza kweli, maana mpaka dakika ile tulikuwa tunamzika mtoto mtulivu na msikivu ambaye hakuna aliyemjua.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kuumba wahusika, kama Goodluck bado anataka kujua. Sifa njema ni za mchungaji. Mtani anaulizwa marehemu alitembeaje, alidanganya vipi, akikamatwa alitazama wapi. Ukivijua hivyo, mtu anainuka na kukaa. Usipovijua, hata umpe rangi saba za kupenda, utabaki na karatasi.

Baada ya arobaini Shilinde aliniambia: "Wewe si unaandika? Mwandike." Halafu, akiwa amenipa mgongo, akifunga ndama, akaongeza: "Ila usimwoshe. Alishaoshwa mara moja, inatosha."

Basi riwaya iliyokuwa mkobani mwangu Mikumi ilikuwa hiyo. Shilinde alishawatangazia watu mpaka Kidodi kwamba mwanawe anaingia kitabuni. Kila asubuhi, akimaliza kuniuliza kama nimekufa, aliuliza: "Na mwanangu amefika wapi?"

Zamu yangu ya kusoma ilipofika nilisoma sura ya kwanza, ile ya muwa na mlinzi wa shamba. Nasema bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, kwamba Goodluck alicheka mpaka chai ikammwagikia. Hata Herman alicheka, kisha akakumbuka yeye ni nani, akakunja uso.

"Mama, hii ni hatari," Goodluck alisema akijifuta. "Tunaichukua. Yaani tunaichukua kabisa. Ila…"

Nilingoja.

"Ila mtoto anaiba tangu ukurasa wa kwanza na hajutii. Walimu hawataipokea. Wazazi watapiga kelele. Tutainyoosha kidogo tu, Mama. Utamtambua mhusika wako, usiwe na wasiwasi."

Ningesimama pale pale nikamwambia anyooshe suruali yake. Badala yake nilitabasamu. Herman alinipa mkono wa pongezi, umelegea na kulowa jasho, nikarudi Ruhembe nikiwa nimeketi dirishani, nikiwadharau abiria wenzangu kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na riwaya.

Miezi ilipita. Goodluck alinitumia kitabu kwenye simu wakati nimekwenda Kilosa kumwona dada yangu. Nilitafuta stesheneri, nikasubiri foleni ya wanafunzi waliokuwa wanatoa kopi, nikachapiwa kurasa zote. Jalada lilitoka la kwanza. Lilikuwa na msichana mwenye viatu viwili vinavyofanana, soksi nyeupe, na muwa aliouinua kama bendera. Nyuma kulikuwa na picha yangu, ndogo, na maneno yanayosema mimi ni mwandishi mahiri. Yale maneno niliyasoma kwanza.

Ndani nilisoma nikiwa kwenye basi la kurudi. Doto wa Goodluck anauokota muwa ulioanguka kutoka kwenye trekta. Anaupeleka kwa mwenyewe. Mwenyewe anashangazwa na uaminifu wake, anamkatia kipande, naye anakwenda kukigawana na pacha wake nusu kwa nusu. Rangi anayoipenda ni bluu. Anataka kuwa daktari. Pale nyuma ya vyoo, ambapo mtoto wangu alitazama mbinguni na kuvuta pumzi, huyu anainamisha kichwa na kusema: "Samahani sana, Mwalimu. Naahidi kuwa mfano bora kwa wenzangu."

Nilitukana. Nilitukana kwa Kisagara, ndani ya basi, mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akahamisha kikapu chake. Mfano bora! Mtoto yule hata nzi asingemtua. Ukimpeleka dukani angerudi na chenji, risiti na methali. Kisha, nilipomaliza kutukana, niligeuza kurasa nikatazama tena picha yangu.

Nikaanza kufanya biashara na nafsi yangu. Jina bado ni Doto. Muwa upo. Shilinde hasomi, kazi hiyo alimwachia Kulwa. Goodluck alitaka jibu kabla ya Jumatatu, na kinyume cha jibu la ndiyo ilikuwa kurudi kwenye vijitabu vya pini mbili. Nilijidharau nilipokuwa nawaza hivyo, lakini niliendelea kuwaza. Nikaamua nitamsomea Shilinde. Akicheka hata mara moja, nitakubali.

Alijitayarisha kunizidi. Nilipofika alasiri alikuwa amevaa shati lake la kanisani, ameniwekea kiti chenye mto, na yeye amekaa kwenye kigoda. Mkewe alitoka akaegemea mlango. Kulwa alikuwa anasugua sufuria kwa majivu pembeni ya jiko.

"Mtumwa wangu, soma," alisema Shilinde. "Na usome vizuri, ulichelewa kujifunza."

Nilisoma. Nilisoma kwa mbwembwe zote za darasani, sauti ya trekta, sauti ya mlinzi. Shilinde alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipofika penye uaminifu hakucheka. Nilipofika penye nusu kwa nusu, mkewe aliondoka mlangoni akarudi ndani. Nilipofika penye "samahani sana, Mwalimu", Shilinde aligeuza shingo akamtazama binti yake kwenye masufuria, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha macho kwangu. Nikafunga kurasa.

"Huyo ni Kulwa," alisema.

"Jina ni Doto. Hukusikia?"

"Jina nimelisikia. Anayesema ni Kulwa." Hakuwa amepandisha sauti. "Kulwa ninaye, yule pale anasugua sufuria. Mimi nilikuomba yule ambaye sina."

Nilianza kueleza. Nilimweleza habari za walimu na wazazi, za soko, za maadili, za kijana wa Dar es Salaam anayejua mambo. Nilijisikia nikisema "awali ya yote". Shilinde alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Nilipoishiwa maneno aliinuka, akakung'uta suruali, akainamisha kichwa kidogo, mikono nyuma, kama watoto wanavyofanya ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Nimewahi kutukanwa na wazazi walevi mbele ya darasa. Nimewahi kuitwa mchawi na mzazi niliyemnyima mwanawe nafasi ya kwanza. Hakuna lililonichoma kama shikamoo ile. Marahaba ilikataa kutoka. Nilikusanya kurasa zangu nikaondoka kwa njia ya nyuma, na nyuma yangu nilisikia Kulwa bado anasugua sufuria ile ile.

Jioni ile nilimpigia Goodluck. Nilimwambia arudishe kila alichokitoa au aondoe jina langu.

"Mama, acha hasira," alisema. "Wewe ni mtu mzima. Unajua soko lilivyo."

"Silijui soko. Najua watoto."

"Sasa watoto watajifunza nini hapo?"

"Watajua kwamba aliishi."

Nilisikia karatasi zikipekuliwa. Nadhani alikuwa anatafuta kisanduku cha kuandika hilo kwenye karatasi yake. Kisha akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba basi nafasi itakwenda kwa Mzee Herman, kwa kuwa twiga wake hana matatizo.

"Mpeni," nikasema. "Na huyo twiga mumpake mafuta miguu yote minne, ni mirefu."

Nilikata simu kabla hajacheka, kisha nikalia. Sitalipamba hilo. Nililia kwa ajili ya picha yangu ndogo na yale maneno ya mwandishi mahiri, na sikuona aibu, kwa sababu nyumbani kwangu naishi peke yangu.

Asubuhi iliyofuata Shilinde alipita. Hakusimama. "Shikamoo, Mwalimu," alisema akiwa anatembea, macho mbele. Kesho yake vilevile. Jogoo wangu alisimama uani amenona kupita kiasi, na hakuna aliyemgusa. Majirani waliniambia kwamba siku hizi Shilinde amekuwa na adabu sana kwangu, na wakanipongeza. Wajinga wakubwa. Ningeweza kumfuata na kumweleza kwamba kitabu nimekikataa, lakini nilijua lingetokea nini. Angenisikiliza kwa adabu, angesema asante, na angeniamkia tena.

Jumamosi, Shilinde akiwa mpungani, nilikwenda kwake. Nilikwenda ubavu ubavu kando ya ukuta, na umri wangu huu, mkono mmoja nyuma. Kulwa aliniona. Akaacha kufagia, akaniamkia, nikaitikia.

"Mwalimu, huyo ni jogoo wa Baba," alisema nilipokuwa nimeshamkamata. "Wa mbegu."

"Namjua."

Kulwa alitazama barabarani, akanitazama mimi, akashika mdomo. Kisha, mtoto yule wa kuonyeshwa wakaguzi, akanifungulia mlango wa ua.

Nilipofika kwangu nilimfunga jogoo kamba mguuni, nikamfungia kwenye nguzo ya baraza, nikakaa kwenye kiti kumsubiri mwenyewe. Niliogopa. Akija akasema, "Mwalimu, samahani, naomba jogoo wangu," basi yamekwisha, na mimi nitakuwa nimepoteza kitabu na mtani kwa pamoja. Nilijaribu kusoma, herufi zikakataa. Jogoo alinitazama kwa jicho moja, bila heshima yoyote, nikamshukuru.

Shilinde alikuja jua likiwa limeanza kupoa, matope bado miguuni. Alisimama kwenye ua. Alimtazama jogoo, akaitazama kamba, akanitazama mimi. Akafungua mdomo.

Sikumngoja. Niliinuka, nikaweka mkono mmoja nyuma, nikatazama mbinguni, nikavuta pumzi.

"Sikumchukua," nikasema. "Amenifuata mwenyewe."

Niliendelea kutazama juu, kwa kuwa niliogopa kushusha macho. Trekta la miwa lilipita barabarani, likaondoka na kelele zake. Nilipomtazama alikuwa ameshika mti wa ua kwa mikono miwili na mashavu yamelowa.

"Na kile kitabu?" akauliza.

"Nimewanyima."

Alijifuta uso kwa mkono wenye matope, akajipaka mpaka kwenye paji. Akaingia uani, akazunguka nguzo, akaichunguza kamba kama mtu anayekagua kazi mbovu ya fundi.

"Mtumwa wangu," alisema, "hata kuiba hujui. Doto asingemfunga akakaa kunisubiri. Mpaka nifike angekuwa amekwisha kumla, na shingo angempa Kulwa, akimwambia ndipo penye nyama."

Alisema kweli, na mimi sikuwa nimeliandika hilo. Nikaingia ndani kubandika maji ya kunyonyolea.